Mume Wangu Alipotaka Kuongeza Mke: Niliyoyaweka Sawa Kabla ya Ndoa na Yaliyonikuta Baadaye

Naandika kwa wanawake wenzangu walioambiwa, au wanaohisi wako mbioni kuambiwa, "nataka kuongeza mke." Mimi niliambiwa mwaka 2019 nyumbani kwetu Mbagala, na mpaka leo naishi katika ndoa ya mitara. Sikuiomba na sitamshawishi mtu aiingie. Lakini nimeshuhudia kinamama wengi hapa Dar wakipoteza nyumba walizojenga kwa jasho lao kwa sababu waliaminishwa kwamba mwanamke ana njia mbili tu: avumilie kimya au afungashe. Kati ya hizo mbili kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo ina wakati wake. Wakati wenyewe ni kabla mume hajakaa mbele ya shehe kwa mara ya pili.

Tulioana 2005 kwa ndoa ya Kiislamu. Mimi ni fundi cherehani, mwenzangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na tuna watoto watatu. Siku aliyonieleza nilikuwa nafumua pindo la gauni la mteja. Akavuta stuli, akakaa karibu na cherehani, akasema, "Mama Zuhura, nina jambo, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu." Kuna mjane wa Chanika, ana mtoto mmoja wa kiume, na amekusudia kumuoa. Sikumjibu. Nilifumua pindo lile mpaka nikaingia kwenye mshono wa kiuno ambao haukuwa na kasoro yoyote, na usiku ule ule ikabidi niushone upya kwa sababu mwenye gauni alikuwa analifuata asubuhi.

Kwamba alikuja kuniambia mwenyewe, hilo nampa haki yake. Wengi hawafanyi hivyo, na uchungu wa kuambiwa na jirani nimeuona kwa wengine. Ni mwingine kabisa.

Wiki zilizofuata kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama alisema nivumilie, kwani hata bibi yangu aliishi uke wenza na akazikwa kwa heshima. Shoga yangu mmoja alinitajia mganga wa Mkuranga. Mwingine alitaka twende Chanika tukamuumbue yule mwanamke mbele za watu. Aliyenisaidia ni somo yangu, mtu mzima aliyenifunda nilipokuwa mwari, ambaye mwenyewe ameishi na mke mwenza miaka na miaka. Hata pole hakunipa. Aliniuliza, "Nyumba imeandikwa jina la nani?" Nikamjibu, la baba watoto. "Na dukani anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi?" Sikuwa najua. "Basi mwanangu, kajue hayo kwanza. Kulia utalia baadaye, muda upo."

Maneno yake yalinikuta nikiwa na kidonda cha dada yangu wa Tandika. Mumewe alifariki ghafla, na siku ya pili ya msiba akaingia mwanamke na watoto wawili, mkononi ana bahasha ya kaki yenye cheti cha ndoa. Ndoa ilikuwa halali na ilikuwa na miaka kadhaa. Baadhi ya ndugu wa marehemu walikuwa wanajua siku zote na walikuwa wakija kwa dada kula Idd. Dada akiwa eda, kikao cha ukoo kilikaa, muhtasari ukaandikwa, jina la mke wa pili likaachwa nje, shemeji akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Yule mwanamke akaweka pingamizi Mahakama ya Mwanzo, na alikuwa na haki, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba wake wa mume mmoja wana hadhi na haki sawa mbele ya sheria. Huwezi kumfuta mtu kwenye muhtasari.

Sasa sikilizeni hesabu yenyewe. Kwa mirathi ya Kiislamu, mke ambaye mumewe ameacha watoto anapata thumni, yaani moja ya nane. Wajane wakiwa wawili hawapati thumni mbili. Wanagawana hiyo hiyo moja. Dada alichangia ile nyumba tangu msingi, alipika chakula cha mafundi, alibeba maji ya zege, na pesa za upatu wake ndizo zilizonunua mabati. Hakukuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Nyumba iliuzwa ili kila mrithi apate fungu lake, na yeye akaondoka na moja ya kumi na sita ya kilichobaki baada ya madeni. Watu wakisema mitara ni habari ya wivu wa wanawake, mimi huwa namkumbuka dada akitoka pale na magodoro juu ya kirikuu.

Nikatafuta msaada wa kisheria. Hapa Dar kukosa pesa ya wakili si sababu ya kukaa gizani: Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) wanatoa msaada kwa wanawake wasio na uwezo, na siku hizi Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kinachosikiliza mashauri ya ndoa na mirathi mahali pamoja. Mwanasheria aliyenipokea alianza kwa kuniomba cheti cha ndoa. Nilikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya Msahafu. Kama wewe cha kwako hukijui kilipo, anza hapo. Na kama ndoa yenu haikuwahi kusajiliwa, fuatilieni usajili mapema wakati wote wawili mko hai na mnaongea.

Alinieleza kwamba sheria yetu inatambua ndoa za aina mbili, ya mke mmoja na ya wake wengi. Ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila inachukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Zilizobaki zinachukuliwa kuwa za mke mmoja. Kwa hiyo mume wangu kisheria hakuhitaji ruhusa yangu, na ni vizuri mtu alijue hilo mapema, maana nimewasikia kinamama wakijiapiza "bila saini yangu haoi", halafu anaoa.

Lakini sheria hiyo hiyo haikumwacha mke wa kwanza mikono mitupu. Anayetaka kuoa anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio angalau siku 21 kabla, na mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi kwa sababu zilizotajwa: kwamba kwa kipato alichonacho mume, mke mwingine ataleta dhiki kwa mke na watoto waliopo, au kwamba anayeolewa ana tabia mbaya inayojulikana, ana ugonjwa wa kuambukiza, au ataingiza mfarakano mkubwa nyumbani. Pingamizi linapelekwa kwa msajili, na mahakama ndiyo inayoamua. Sikuliweka. Ila siku niliyotoka pale nilijua nina pa kusimamia, na nilirudi kwa mume wangu nikiwa mtu wa kukaa naye mezani.

Jirani yangu aliyefunga ndoa kanisani aliniuliza kama na yeye mumewe anaweza kumfanyia hivyo, kwa vile alishaanza kusema "mimi Mwafrika bwana." Hapana. Mwanamume mwenye ndoa ya mke mmoja akifunga ndoa nyingine, hiyo ya pili ni batili. Sheria inaruhusu mume na mke kwa pamoja kutamka mbele ya hakimu au jaji kwamba ndoa yao ya mke mmoja iwe ya wake wengi, lakini ndoa ya Kikristo haiwezi kubadilishwa hivyo maadamu wote wawili wangali Wakristo. Dada zangu mnaoolewa na wanaume wa namna hiyo kwa siri, mkiamini ile sherehe ya nyumbani inawatosha, mjue mnaingia mahali ambapo siku ya msiba hamtakuwa na cheo chochote.

Niliporudi nyumbani nilimwambia Baba Zuhura sitapiga kelele, ila hatafunga ndoa mpaka tumekaa na kaunta buku. Alidhani ni jambo la jioni moja. Lilichukua miezi.

Tulianza na kipato. Duka lilikuwa linaacha faida kama laki tisa kwa mwezi, mwezi mzuri milioni moja na kidogo. Nyumba yetu ilikuwa inakula elfu kumi na mbili kwa siku kwa chakula peke yake. Tukaandika ada, nauli za watoto, umeme, maji. Halafu nikamwambia ageuze ukurasa aandike nyumba ya Chanika: kodi ya chumba na sebule elfu sabini, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, kitanda, godoro, mtungi wa gesi, vyombo, chakula cha watu wawili na yeye akiwa zamu, mahari, sherehe hata iwe ndogo. Na chini nikaandika deni la saruji alilokuwa anadaiwa na msambazaji. Alipojumlisha alikaa kimya muda mrefu. Hakuwa amewahi kuiona hesabu ile imeandikwa. Mwenyewe akasema, basi tusubiri deni liishe. Kuna wanaume wanaoingia ndoa ya pili kwa kipato kisichotosha hata ya kwanza, na wanaolipa ni watoto wanaorudishwa nyumbani kwa ada. Hesabu hii iandikeni, hata kama ni kwa kugombana.

Kisha nyumba. Hapa ndipo penye uzito kuliko pote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja sheria inaanza kwa kuichukulia kuwa yake, na wewe ndiye unayebeba mzigo wa kuthibitisha mchango wako. Iliyoandikwa majina ya wote wawili inachukuliwa kuwa yenu sawa kwa sawa. Kweli, tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa kuwa mchango wakati wa kugawana mali ndoa ikivunjika. Na nyumba mnayoishi mume hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Lakini hayo yote ni ya kwenda kupigania. Jina kwenye karatasi linakupunguzia vita.

Baba Zuhura alisema ataniandikia wasia. Nikamuuliza shehe wetu, akasema wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie, na mke ni mrithi. Ninachoweza kupewa nikapumzika nacho ni hiba, zawadi inayotolewa na kukabidhiwa akiwa hai. Kwa hiyo tulifanya hivi: wakili akaandaa hati ya hiba ya nusu ya nyumba, tukasaini mbele ya mashahidi wa upande wake na upande wangu, nakala tukapeleka serikali ya mtaa, kisha tukafuatilia leseni ya makazi isomeke majina mawili. Nusu yangu ni yangu. Nusu yake, Mungu akimchukua, itaingia kwenye mirathi, na humo mke mwenzangu ana haki yake kama mimi. Zoezi zima lilitutoka kama laki tatu na nusu pamoja na nauli na za hapa na pale, na wakili alitupunguzia. Shemeji zangu walikasirika sana. Mmoja aliniambia usoni kwamba ninamzika kaka yao yuko hai. Yaliniuma, lakini sikurudi nyuma, na mume wangu kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze alisimama upande wangu mbele yao.

Weka na risiti. Mimi nilikuwa nazo za matofali, za mbao na za fundi wa madirisha, nimezifunga kwa mpira ndani ya kopo la maziwa. Mwanasheria alizifurahia kuliko maelezo yangu yote.

Jambo jingine nililolisimamia ni kupima. Nilisema tunapima wote watatu, si wawili, na tunapima kabla. Tulikaa kwenye benchi moja la kituo cha afya, mume wangu katikati, mimi kushoto, yule mwenzangu kulia, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona kwa macho. Alivaa baibui nyeusi na viatu vya wazi, vidole vya miguu vimepakwa hina iliyoanza kufifia. Nesi akatoka akauliza, "Mke ni nani?" Sote wawili tukaangalia chini. Kisha yeye akasema kwa sauti ndogo, "Anza dada." Nikaingia. Majibu yalitoka salama, tukaambiwa turudi tena baada ya miezi mitatu, na tulirudi.

Siku ile pale nje, mume wangu alipokwenda kununua maji, nilimuuliza aliambiwa nini kuhusu mimi. Akaniambia aliambiwa na mshenga kwamba nimeridhia siku nyingi na kwamba ni mimi niliyesema mume aongeze mke kwa sababu nimechoka. Alishtuka niliposema si kweli. Aliniomba nimpe siku za kufikiri, na baadaye alinipigia mwenyewe, akanisalimu "shikamoo dada", akasema yeye ni mjane, amelea mtoto peke yake miaka minne, hana nia ya kunitoa kwenye nyumba yangu, ila anataka kujua kama nitamfanyia ubaya. Nilimjibu kweli: moyo wangu hauko sawa, lakini sitakufanyia ubaya. Kwa hiyo nawaomba na ninyi mnaoposwa na mume wa mtu: msikubali maneno ya mshenga. Mtafuteni mke aliyepo mkamsikie kwa kinywa chake. Na wewe wa kwanza, akikutafuta, pokea simu.

Niliwahi kufikiria kuondoka, nisiwafiche. Mwanamke wa Kiislamu anaweza kudai khului, anarudisha mahari na kuachika. Na kwa njia ya mahakama, shauri la talaka kwa kawaida linapita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Niliyapima yote. Nilibaki kwa sababu zangu, na mwingine akiondoka kwa zake simlaumu hata kidogo.

Siku ya ndoa yenyewe, usibaki nyumbani peke yako. Nililala kwa dada Tandika pamoja na watoto, simu nikaizima, maana nilijua kuna watu wataweka picha kwenye sitatasi na kuna wengine watanitumia makusudi. Dada alipika pilau, hatukuongelea kitu. Usiku nilitapika. Mwili nao una hesabu zake.

Zamu tuliipanga mbele ya shehe. Mke mpya akiwa mwanamwali, mume anakaa kwake siku saba. Akiwa alishaolewa, siku tatu, kisha inaanza zamu ya kulingana. Mwenzangu alikuwa mjane, kwa hiyo zilikuwa tatu, na nilizihesabu. Baada ya hapo tukaenda siku mbili mbili. Shehe alimwambia mume wangu jambo ambalo naona wanaume wengi wanalikwepa: aya ya tatu ya Suratun Nisaa inayoruhusu mpaka wake wanne ndiyo hiyo hiyo inayosema mkihofia kutofanya uadilifu, basi mmoja, na aya ya 129 ya sura hiyo hiyo inasema hamtaweza kuwa waadilifu baina ya wake hata mkikakamia. Uadilifu anaoweza kuulizwa ni wa malazi, chakula, mavazi na siku. Moyo hauwezi kuuweka kwenye ratiba, lakini asije akautumia moyo kama kisingizio cha kupunguza matumizi.

Ratiba ilitushinda mwanzoni kwa mambo ambayo hatukuyafikiria. Mwanangu wa mwisho alipata homa kali usiku ambao haukuwa wangu. Nikapiga simu Chanika saa saba, na aliyepokea ni yeye, mwenzangu. Aliamsha mume, akamtafutia bodaboda, na kesho yake akasema siku ile nisiilipe. Lakini mwezi uliofuata mume alilala kwangu siku ya zamu ya mwenzangu bila sababu, kachoka tu na foleni ya Gongo la Mboto, na nilimwambia wazi hiyo ni deni, akamlipe. Nilisema hivyo kwa uchungu, kwa sababu nafsi ilitaka abaki. Tukaweka kanuni: ugonjwa wa mtoto au wa mke unavunja zamu, na siku inafidiwa, uchovu hauvunji. Safari ya kwenda kufuata mzigo ikiruhusu mtu kuongozana naye, tunapiga kura, kama Mtume alivyokuwa akifanya kwa wakeze. Ramadhani ndiyo ngumu zaidi, kwani kila nyumba inataka kufuturu naye. Tukaifanya siku moja moja. Idd anaswali, anapita nyumba aliyolala, halafu mchana watoto wote wanakutana kwangu, kwa kuwa kwangu pana nafasi.

Nilichokataa tangu mwanzo ni vita vya pembeni. Wako watu waliokuja kuninunulia kanga zenye maneno nimpelekee, na kwenye shughuli zetu za uswahilini kuna wanaosubiri muingie wote wawili ili wamtunze msanii pesa aimbe mipasho. Nilimpigia mwenzangu nikamwambia: mimi sitakutumia ujumbe kwa kanga wala kwa mtoto, ukiwa na neno nipigie. Akakubali. Mpaka leo tunagombana kwa simu, tena tunagombana kweli, halafu yanaisha.

Watoto nilitamani wangeandaliwa mapema kuliko walivyoandaliwa. Zuhura alikuwa na miaka kumi na tatu. Aliacha kumwamkia baba yake karibu muhula mzima, na alama zake zikashuka. Mwalimu wake ndiye aliyeniita. Nilikaa naye nikamweleza kila kitu kwa lugha ya mtu mzima, pamoja na hati ya nyumba, nikamwonesha. Naona hicho ndicho kilichomtuliza: alikuwa anaogopa tutafukuzwa kama mama yake mkubwa wa Tandika. Mtoto anaona zaidi ya tunavyodhani, na hofu yake mara nyingi ni ya mahali pa kulala.

Kipimo kikubwa kilikuja mwishoni mwa 2020, saruji ilipoadimika na bei ikapanda ghafla. Duka lilikaa karibu tupu. Mume wangu alitaka kupunguza matumizi ya Chanika na kuacha yangu, kwa hoja kwamba mimi nina watoto wengi. Kwa haraka haraka mtu angeona ni huruma. Lakini kwenye daftari tulishaandika: pato likipungua, matumizi yanapungua kwa uwiano kwa nyumba zote mbili. Nikamfungulia ukurasa. Mimi nilikuwa na cherehani yangu ya kunishikilia. Yule alikuwa na mimba na hakuwa na kazi. Ndipo nilipomfundisha kushona, akaanza na foronya na mapazia. Leo ana cherehani yake na kikoba chake. Kila mke kwenye mitara awe na pesa anayoiingiza mwenyewe, hata iwe ya maandazi. Mume mmoja akiyumba, nyumba mbili zinayumba kwa siku moja.

Je, nimezoea? Kuna usiku wa zamu isiyo yangu ambapo bado sipati usingizi, nainuka nakata vitambaa vya kesho. Wanaowaambia wenzao kwamba baada ya mwaka hutahisi kitu tena, wawaambie ukweli.

Kilichobaki sasa ni duka. Leseni ya biashara, mkataba wa fremu na namba ya malipo vyote viko kwa jina la mume, na wateja wanaodaiwa wengine wako kichwani mwake tu. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, na hawezi kuorodhesha kisichoandikwa popote. Tumekubaliana kukaa wote watatu na yule yule mwanasheria baada ya Idd. Mke mwenzangu ameomba jambo moja kwenye kikao hicho. Rashidi, mwanawe aliyekuja naye, si mrithi wa mume wetu kwa kuwa hakumzaa, na kwa sababu hiyo hiyo yeye anaweza kuandikiwa wasia, ilimradi usizidi theluthi ya mali. Kijana anashinda dukani kila Jumamosi akipakia mabati. Mama yake anataka jina la kijana liandikwe, na mimi nimeshasema naafiki.